Mtoto wa Mji Alindwe na Wote: Hotuba juu ya Kuzuia Uhalifu wa Vijana Nairobi

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wazazi, walimu, wazee wa mitaa na maofisa katika upande wa mashariki wa Nairobi. Tunayachapisha ili wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani wapate kuyafikiri.

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, walimu, na ninyi vijana mliofika:

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Sikuja hapa kuwalaumu vijana, maana lawama hizo tumezisikia za kutosha. Kila anaposhikwa mnyang'anyi wa simu kwenye stendi ya matatu, na kila duka linapovunjwa usiku, husikika watu wakisema kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Neno hilo ni jepesi kulitamka, wala halimsaidii mtu yeyote. Leo naomba tuulizane neno jingine: kijana huyo alipoanza kupotea, ni nani aliyemwona? Na huyo aliyemwona, alimwambia nani?

Tumfikirie mtoto mmoja wa kiume wa miaka 13. Simtaji jina kwa sababu si mtoto fulani. Ni mfano tu, ingawa nadhani wengi wenu mtamtambua. Anakaa na mama yake katika chumba kimoja huko Mathare. Mama huondoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu Eastleigh, naye hurudi usiku. Siku moja mtoto hakwenda shule. Mwalimu alitia alama katika daftari lake la mahudhurio. Wiki ya pili alama zikawa tano. Mwalimu ana darasa kubwa, akadhani labda watu wale wamehama.

Wiki ya tatu mtoto alionekana akiokota vyuma chakavu pamoja na vijana wakubwa. Mwenye duka la kununua vyuma alimwona kila siku, akampima mzigo wake na kumlipa. Baadaye mtoto alijikata mkono kwa bati, akaenda zahanati. Muuguzi alimfunga jeraha vizuri, na alipokuwa akimfunga alisikia harufu ya gundi katika nguo zake. Mwalimu wa dini aliona kwamba mtoto haji tena siku ya Jumapili. Jirani alisikia kilio cha usiku, lakini akaona si adabu kuingilia nyumba ya mtu. Mwishowe askari walimshika sokoni Gikomba, wakamweka saa chache, na kwa kuwa ni mtoto wakamwachilia aende zake. Baada ya miezi minane alikuwa amesimama mbele ya hakimu kwa shtaka la unyang'anyi.

Tuwahesabu watu hao: mwalimu, mwenye duka, muuguzi, mwalimu wa dini, jirani na askari. Ni sita. Karibu kila mmoja wao aliona kwamba ametimiza kazi yake, na muuguzi hata aliifanya vizuri sana. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande kimoja tu cha habari za mtoto huyu, wala hapakuwa na mahali ambapo vipande hivyo vingewekwa pamoja. Mama yake, aliyekuwa na haki ya kujua yote, ndiye aliyejua machache kuliko wote. Hilo ndilo jambo nililokuja kusema: kwamba watoto wetu wengi hawapotei kwa kukosa watu wa kuwaona, bali kwa sababu wanaowaona hawasemezani.

MAMBO YA ZAMANI

Jambo hili si geni katika mji wetu. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa ulioitwa Anvil. Askari waliuzunguka mji wa Nairobi, na maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Watoto wengi wakabaki bila baba, na wengine bila baba wala mama. Baadaye serikali ile ile iliyowaondoa wazazi ikalalamika kwamba mji umejaa watoto wazururaji. Dawa iliyotumiwa mara nyingi ilikuwa ni viboko, au kurudishwa mashambani, au kupelekwa kufungiwa Kabete. Wengi wa waliorudishwa mashambani walikuja tena mjini, kwa maana kule walikopelekwa hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Hata hivyo palikuwapo watu walioona njia nyingine. Mwaka 1959 Bwana Geoffrey Griffin, pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati. Walianza na wavulana wa barabarani, wakawapa mahali pa kulala, chakula na mafundisho. Serikali haikuifanya kazi hiyo peke yake, wala watu wa hisani hawakuifanya peke yao. Kila upande ulileta ulichokuwa nacho. Leo Starehe ni shule inayojulikana kote nchini.

Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, aliyetoka Uholanzi, alianzisha Chama cha Undugu. Alitembea usiku katikati ya mji akizungumza na wale vijana walioitwa paking boi, ambao kazi yao ilikuwa kuwaonyesha wenye magari nafasi za kuegesha ili wapate senti. Hakuanza kwa kuwahubiria. Alianza kwa kuwajua majina na kuuliza walitoka nyumba gani.

Tena mwaka 1987 ukaanzishwa huko Mathare ule umoja wa michezo wa vijana unaoitwa MYSA. Kanuni yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Timu ya mpira ilipata pointi kwa kushinda uwanjani, na ilipata pointi pia kwa kuzoa taka na kuzibua mifereji ya mtaa wake. Vijana waliojitolea zaidi walisaidiwa karo ya shule. Kutoka katika umoja huo ilizaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, nayo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Ushindi huo ni wa kufurahisha, lakini mimi nauangalia upande mwingine. Mpira, usafi wa mtaa na karo ya shule ni mambo ambayo katika ofisi zetu yana milango mitatu mbalimbali. Huko Mathare kijana aliyakuta yote matatu mahali pamoja.

SABABU YA KUONDOA WATOTO BARABARANI KUTOTOSHA

Mwezi wa Januari 2003 serikali mpya ilifuta ada katika shule za msingi, na watoto wengi sana wakarudi madarasani. Mwaka huo huo uliundwa mfuko wa kurekebisha familia za mitaani, na watoto wengi wakatolewa barabarani na kupelekwa katika vituo na shule. Nia ilikuwa njema, na wako walionufaika. Lakini hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilikuta watu 46,639 katika Kenya nzima, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Si wote walikuwa watoto. Wengine walikuwa watu wazima, na wengine familia nzima.

Hesabu hiyo yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mtoto aweza kuondolewa barabarani kwa siku moja, lakini lile lililomtoa nyumbani halipoi kwa siku moja. Ikiwa mama hana kazi, na baba wa kambo bado anampiga, na shule bado inamdai sare, basi mtoto atarudi barabarani hata akibebwa kwa gari mara kumi. Afisa wa watoto hawezi kutengeneza hayo yote peke yake. Polisi hawawezi, na hakimu hawezi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

SHERIA YASEMAJE

Wengi hudhani kwamba sheria yataka tu mtoto mkosaji ashikwe na kufungwa. Sivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka ya kwamba mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Zamani umri huo ulikuwa miaka 8. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui uzito wa kosa, isipokuwa ithibitishwe kwamba alijua. Tena sheria hiyo imefungua njia ya kumwepusha mtoto na kesi. Aweza kuonywa, kuomba radhi, kulipa alichoharibu, kupewa ushauri, au kuwekwa chini ya uangalizi, ili asiingizwe katika mwendo wa korti bila haja.

Ndugu zangu, tuangalie vizuri njia hiyo. Hakimu au polisi akimwepusha mtoto na kesi, anamrudisha kwa nani? Anamrudisha kwetu. Kama huku kwetu hakuna mtu aliye tayari kumpokea, huruma ya sheria itakuwa ni kumtupa tu upande wa pili wa barabara. Kwa sababu hii sheria imeagiza pia ziwepo kamati za ushauri juu ya watoto, ambamo maofisa wa idara mbalimbali na watu wa jamii hukaa pamoja. Kamati iliyoandikwa katika karatasi haitalinda mtoto ye yote. Italinda ikiwa watu wake wanakutana na kujua watoto wanaowashughulikia.

MFANO WA MJI WA MBALI

Labda mtu atasema kwamba huu ni usemi mtamu usiowezekana. Basi na tutazame mji mmoja ulioujaribu. Glasgow ni mji mkubwa wa Scotland, na kwa miaka mingi ulisifika vibaya kwa magenge ya vijana waliopigana kwa visu, mtaa kwa mtaa. Mwaka 2005 polisi wa huko waliunda idara maalumu ya kupunguza ujeuri, wakasema wazi kwamba kukamata peke yake kumeshindwa. Walitaka ujeuri utazamwe kama ugonjwa unaoambukiza, ambao huzuiwa kabla haujaenea.

Mwaka 2008 walianza kazi katika upande wa mashariki wa mji. Vijana wa magenge waliitwa katika korti, si kuhukumiwa, bali kusikiliza. Askari aliwaambia kwamba mapigano yakiendelea genge lote litafuatwa. Daktari aliwaeleza anavyowashona vijana nyuso zilizokatwa. Mama aliyefiwa na mwanawe alisema nao. Kisha wakaambiwa: anayetaka kuacha, hii hapa nambari ya simu. Waliopiga walisaidiwa kupata mafunzo, kazi, nyumba, na dawa ya ulevi. Shule, hospitali, ofisi za nyumba na polisi walifanya kazi hiyo pamoja. Katika mwaka wa 2004 hadi 2005 watu zaidi ya 130 waliuawa Scotland. Katika miaka ya karibuni hesabu hiyo imeshuka chini ya 60 kwa mwaka. Sisemi kwamba kazi hiyo moja ndiyo iliyoleta yote. Nasema tu kwamba mji uliokata tamaa ulibadilika, na polisi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kubisha hodi katika milango ya wengine.

YATUPASAYO KUFANYA

Nairobi si Glasgow. Sisi tuko zaidi ya milioni nne, na fedha zetu ni chache. Lakini mambo matano nitakayoyataja hayahitaji jumba jipya.

Jambo la kwanza ni daftari la shule. Mtoto akikosa siku tatu bila habari, mwalimu amwarifu mtu mmoja aliyechaguliwa, naye aende nyumbani kwao kuuliza. Asiende kwa ukali. Aende kama jirani. Tangu mwaka 2023 katika shule nyingi za jiji hili mtoto hupata chakula cha mchana kwa shilingi tano. Chakula hicho humvuta mtoto shuleni kuliko fimbo, na siku asiyoonekana kwenye foleni ya sahani, hiyo ni habari.

Jambo la pili ni kikao cha kila mwezi katika kila mtaa. Wakae mwalimu mkuu, afisa wa watoto, afisa wa probesheni, askari wa dawati la watoto, mhudumu wa afya, chifu, viongozi wa dini, na watu wa vilabu vya michezo. Wakae pia vijana wawili wa mtaa, maana wao ndio wajuao genge linakaa kona gani. Wasikutane kunywa chai na kusoma hotuba. Wakutane kuuliza: mwezi huu ni watoto gani wameanza kuteleza, na nani atafanya nini kabla ya mwezi ujao?

Jambo la tatu, kila mtoto awe na mtu mmoja. Mambo ya wengi yasiyo na mwenyewe huachwa njiani. Kikao kikisha kuzungumza, aandikwe mtu mmoja kwa jina lake, awe mwalimu au mzee au kocha, ambaye mtoto huyo na mama yake wanajua kwamba ndiye wa kumwendea.

Jambo la nne ni kutunza siri. Habari ya mtoto si habari ya kibandani. Yasemwe yale tu yanayohitajiwa ili asaidiwe, na yaishie pale pale. Tena nasema hili mbele ya maofisa wa polisi waliomo humu, nao wanisamehe: vijana wengi wa mitaa hii huwaogopa askari zaidi ya wanavyowatumainia, na baadhi yao wana sababu. Kikao kikitumiwa kama mtego wa kupata majina ya kukamatwa, kitakufa siku hiyo hiyo, na hakitafufuka. Polisi wataheshimiwa katika kikao hicho kwa kuwa wa kwanza kulinda majina hayo.

Jambo la tano ni kazi na mchezo. Kijana wa miaka 16 ambaye amekwisha zoea senti za barabarani hatarudi kwa maneno matupu. Fundi wa seremala, wa magari, wa kushona, na mwenye kinyozi, kila mmoja wao aweza kuchukua kijana mmoja. Mmoja tu. Mafundi ishirini wa mtaa wakifanya hivyo, vijana ishirini watakuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

NENO KWA WATU WA MASHAMBANI

Najua gazeti litayafikisha maneno haya mashambani, kwa hiyo nina neno kwenu pia. Wengi wa watoto wanaolala katika veranda za Nairobi walizaliwa mbali na hapa. Wengine walipanda basi kwa kukimbia kipigo au njaa. Wengine waliletwa na jamaa aliyeahidi kuwasomesha, kisha wakafanywa watumishi wa nyumbani, na walipochoka wakatoroka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wake shule, wala kumkabidhi kwa jamaa wa mjini hakumwondolei wajibu huo. Kabla hujampa mtu mtoto wako, jua nyumba atakayokaa na shule atakayosoma. Akitoroka, usione haya kumwambia chifu na afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo. Siku ya kwanza mtoto bado aweza kukutwa kituo cha basi. Mwezi wa pili amekwisha pata jina jipya na rafiki wapya.

MWISHO

Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya serikali, nao wanalipa kodi. Ni kweli, serikali ina wajibu wake, na tuudai bila kuchoka: maofisa wa watoto waongezwe, na mahabusu ya watoto yasichanganywe na ya watu wazima. Lakini serikali haikusikia kilio cha usiku katika chumba cha pili. Aliyekisikia ni jirani.

Mwambie mtu akujibu, Bwana Mwenyekiti, ni nani aliyekosa katika habari ya yule mtoto wa miaka 13. Atatafuta mmoja wa kumtia lawama, na hatamwona. Muuguzi alimfunga jeraha. Askari alimhurumia. Mwalimu aliandika ukweli katika daftari lake. Lakini kama siku ile muuguzi angalimpigia mwalimu simu, na mwalimu angalimtuma mtu kwa mama yake, mtoto huyo labda angalisimama mbele ya darasa akisoma kitabu, wala si mbele ya hakimu.

Kwa hiyo sitaki mwondoke hapa na maazimio makubwa. Nataka kila mmoja wenu, kabla hajatoka katika ukumbi huu, aulize jina na nambari ya simu ya mtu mmoja ambaye kazi yake si sawa na yake. Mwalimu aiandike ya muuguzi. Askari aiandike ya kocha wa mpira. Chifu aiandike ya imamu na ya mchungaji. Halafu siku ya Jumatatu, mwalimu atakapofungua daftari na kuona alama ya tatu mbele ya jina la mtoto, atakuwa na mtu wa kumwambia.